Kofia ya kichawi kazini: jibu kwa dada wa Salem

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Lynn, Massachusetts, Marekani, na nasafisha vyumba katika hoteli moja mji wa jirani, Salem, ule wa kesi za uchawi za zamani. Oktoba nzima huko ni Halloween, sherehe ya kujigeuza sura na kutishana inayofikia kilele tarehe 31, tena ya watu wazima. Mwaka huu nimehamishiwa mapokezi, na meneja anataka sote tuvae kofia nyeusi ya kichawi. Usiku wa tarehe 31 kuna karamu ya wafanyakazi, ya kujigeuza sura na pombe. Mume wangu hana kazi tangu Agosti; saa za ziada za Oktoba ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na dawa za mama. Ndugu mmoja msomi ameniambia nivae na niende, kwani Salem si dini bali ni historia na biashara, na hata Unguja kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya. Mwingine kasema mshahara wangu wote ni haramu. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, mwanangu. Kwanza Mwenyezi Mungu amfungulie mumeo mlango wa riziki na amponye mama. Kwamba idi zetu ni mbili unalijua, sitakurudisha chuoni.

Huyo wa pili nimalizane naye upesi. Kutandika vitanda na kumpa mgeni ufunguo wa chumba ni kazi ya halali, mgeni awe amefuata Halloween au harusi. Aliyekuharamishia jasho lako bila kuuliza unafanya nini hasa, amesema asichokijua.

Wa kwanza ndiye aliyenikosesha usingizi, maana maneno yake matamu yamesambaa kwa vijana wetu wengi huko ughaibuni. Anasema ni historia. Basi na tuitazame hiyo historia. Mwaka 1692 watu zaidi ya 150 walituhumiwa uchawi Salem na vijiji vya jirani. Kunyonga kulianza Juni 10 kukaisha Septemba 22: watu 19, kumi na wanne wao wanawake. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alilazwa chini akarundikiwa mawe hadi akafa. Mtoto wa miaka minne au mitano alitiwa gerezani. Na ushahidi? Mtu alisimama akadai ameona kivuli cha jirani yake kikimtesa, na mahakama ikapokea! Waliokiri uongo waliachwa hai. Walioshikilia kwamba si wachawi wakapandishwa kitanzini.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba watu wangepewa kila wanachodai, wangedai damu na mali za wenzao; mwenye kudai alete ushahidi. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa jambo hili. Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu waliyoyapata kwa moshi wa kuni, na Kilifi wazee wameuawa kwa mvi zao. Ebu fikiri watu wavae kofia na kulewa juu ya makaburi ya vikongwe hao, kisha ndugu yetu aje atuambie ni kuhifadhi historia.

Tena hata uhusiano wenyewe wa mauaji hayo na Halloween haupo. Waliowanyonga na walionyongwa walikuwa Wapuriti, Wakristo wa Kiprotestanti wenye msimamo mkali, watu waliopiga marufuku hata Krismasi hapo Massachusetts, kwa faini ya shilingi 5, kuanzia 1659 hadi 1681. Tamasha la Oktoba limeanza 1982. Mji wa watu kama 44,000 sasa hupokea wageni zaidi ya milioni 1 kwa mwezi huo.

Hapo kwenye biashara amesema kweli, lakini biashara ya nini? Maduka ya kutabiria kwa karata na viganja yamejaa mitaani, na wapo wanaojiita wachawi bila kuficha. Mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Hadithi hiyo ameipokea Muslim. Na pengine ni pabaya zaidi: Key West, Florida, katika tamasha lao la msimu huo huo lililoanza 1979, wapo wanaopita barabarani na rangi mwilini badala ya nguo. Haya nayo tuyaite ada tu?

Ama Mwaka Kogwa, mimi ni mtu wa Unguja na naijua Makunduchi. Kupigana kwa migomba ni mchezo wao, sina neno. Lakini kuchoma kibanda na kutazama moshi unaelekea wapi ili kujua bahati ya mwaka, hiyo ni ramli. Ameileta hoja inayomgeukia mwenyewe.

Kwa hiyo karamu usiende. Kofia usiivae kwa hiari. Ni alama ya uchawi, na mahali hapo ni alama ya waliodhulumiwa. Mwandikie meneja barua fupi ya adabu kwamba dini yako hairuhusu, naye akurudishe vyumbani au akuache mapokezi na mtandio wako. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kuzingatia dini ya mfanyakazi, na ya Massachusetts inaanzia wafanyakazi 6. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwajiri hawezi kukataa kwa usumbufu mdogo. Lazima aonyeshe gharama kubwa. Baki na nakala ya barua.

Akikataa, na ukaona utafukuzwa kabla ya kodi kulipwa, usiache kazi kwa hasira. Vaa kwa kiasi cha kulazimika huku moyo ukichukia, utafute kazi nyingine, na ukumbuke aya ya At-Taghabun: mcheni Mwenyezi Mungu kadiri muwezavyo. Sitakuambia ulale nje na mama akose dawa kwa ajili ya kitambaa, hali una nia ya kukivua.

Mumeo umwambie aende msikitini hapo karibu akaulize habari za zaka. Najua wanaume wa Tanga wanavyoona haya. Mwambie sheikh ndiye kamtuma. Na ukijibiwa barua, niandikie.

Wallahu a'lam.