Penzi la Desemba lipe Januari kwanza

Kila Desemba ikikaribia nakuwa na hamu ya kuliongelea hili halafu naogopa, maana ndugu wa pande zote mbili wanasoma. Mwaka huu nasema, kwa sababu nawaona wadada wa rika langu, wajane na walioachika, wanapanda basi kwenda Moshi na moyo umefungwa kabisa, na wengine wanapanda wameufungua wazi kama mlango wa duka, na wote wawili wanarudi wanalia.

Mimi ni mjane, mume wangu alifariki 2016, watoto wawili, wa mwisho alikuwa hajaanza hata chekechea. Nashona na kuuza vitambaa Tabata. Ile miaka ya kwanza sikutaka hata mtu aniambie nimependeza, nilikuwa naona kama anamtukana marehemu.

Desemba 2022 nikawapeleka watoto Marangu kwa bibi yao. Mnajua sisi Wachaga, Desemba lazima turudi nyumbani tukahesabiwe, basi limejaa tangu Mbezi, zaidi ya kilomita 500 mtu umempakata mtoto na mfuko wa mchele uko miguuni. Na kumbuka naenda ukweni, sio kwetu, kaburi la mume wangu liko pale pale kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwenye migomba, ukifungua dirisha la chumba ninacholala unaliona. Kwa hiyo mtu asiniambie nilienda kutafuta mwanaume.

Nilimpata kwenye mnada wa kanisani. Kwa asiyejua, kwenye makanisa yetu ya Kilutheri kule ibada ikiisha watu hawaondoki, wanasimama nje wananadi sadaka za mazao, kuku, mayai, maziwa, ndizi, na kitu mtu anaweza kukinunua akakirudisha mezani kikanadiwa tena. Nilikuwa nautaka mkungu mmoja wa ndizi mshare wa kupikia machalari nikasema elfu kumi na mbili, sauti ya mwanaume nyuma yangu ikasema kumi na tano. Nikapandisha. Akapandisha. Mzee wa kanisa amefurahi anazunguka na ule mkungu kama mtoto wa ubatizo, watu wanashangilia, tukafika elfu thelathini na tano nikanyamaza, maana nauli ya kurudi ilikuwa imo humo humo. Akalipa, akaubeba begani mwenyewe na shati lake jeupe la sikukuu, utomvu unamchuruzikia kwenye kola, akateremka nao mpaka jikoni kwa mama mkwe wangu akauweka chini. "Mama, mkwe wako anajua kupigania chakula cha watoto," akasema, akaondoka bila hata kunywa chai.

Yule kaka nilikuwa namjua kwa sura tu, kwao ni kihamba cha tatu kutoka kwetu, anauza spea za magari Arusha. Sio wa ukoo wa marehemu, nasema mapema maana wengine watadhani nimerithiwa. Usiku ule nilikaa jikoni namenya ndizi na nikajikuta nafikiria ile kola, kwamba utomvu wa mgomba hautoki, na kwamba hana mtu wa kumwambia aloweke mapema. Nilishtuka. Sikuwa nimemfikiria mwanaume namna ile kwa miaka sita.

Zikafuata siku nane, kipaimara cha mtoto wa shemeji, ndafu, kutembea jioni mpaka Marangu Mtoni kununua sukari ambayo nyumbani ipo. Mlimani Desemba kila mtu ni mzuri jamani! Hewa ya baridi, kilele cha Kibo kimefunguka asubuhi, mfuko una hela ya mwaka mzima, hakuna foleni, hakuna bosi. Mwanaume wa Desemba anachinja mbuzi, anabeba watoto mabegani, anasalimia wazee wote. Humjui huyo. Unamjua likizo yake.

Tarehe tatu ya Januari akaniambia anataka tuwe pamoja, nijibu kabla basi halijaondoka. Nikamwambia sijibu chochote nikiwa mlimani, nipe Januari. Na hili ndilo ninalomwambia kila dada. Usikatae kwa sababu eti mapenzi ya likizo ni ya kupita, na usikubali kwa sababu umejisikia msichana tena. Mpe Januari ile yenye siku tisini, wakati wa sare na madaftari na kodi ya fremu, uone anapokea simu saa ngapi, anasemaje akiwa hana hela, na wewe mwenyewe unasemaje, maana mimi nikiwa nimechoka nakuwa mkali sana na yeye alihitaji kulijua hilo pia. Februari alikuja Dar kwa basi, hana gari la kukodi wala zawadi, akakaa dukani kwangu siku nzima ananishikia kitambaa nikikata. Siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya mkungu.

Alikuwa ameshaachana na mke wake. Hapa msikilize vizuri. "Tumeachana" sio talaka. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inavunjwa na mahakama, sio na mtu kuhama nyumba wala wazee kukaa kikao, na kama ile ya kwanza bado ipo basi ya kwako ni batili hata kama mlikata keki. Nikamwomba karatasi ya mahakama. Nilitetemeka kumwomba, nilidhani atakasirika, akaileta ndani ya bahasha pamoja na picha za watoto wake. Akikasirika kuombwa karatasi, mdogo wangu, panda basi lako. Na kupima mkapime wote wawili siku moja, msomewe majibu mkiwa mmekaa pamoja, usikubali hadithi ya "mimi nilipima mwezi uliopita".

Kwa wajane wenzangu, sheria hiyo hiyo kifungu cha 68 inasema mjane yuko huru kukaa anapotaka, na kuolewa tena na mtu aliyemchagua mwenyewe au asiolewe kabisa, mila iseme itakavyosema. Nilikisoma mara nyingi sana. Lakini sheria haikai jikoni na mama mkwe, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe, Pasaka, kabla hajasikia kwa majirani. Nikamkuta anachambua ulezi wa mbege, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, hata ule mnada. Hakunijibu muda mrefu. Akainuka akaenda nje, nikajua nimemuua yule mama, akarudi na jani la sale amelifunga fundo akaniwekea mkononi. Kwetu sale anapewa mtu unayemwomba msamaha, nikachanganyikiwa, mimi ndiye niliyetakiwa kumpelekea. Akasema anaomba nimsamehe kwa miaka yote aliyoniona mpweke akanyamaza kwa kuwa alipenda nibaki mke wa mwanae.

Tulilia wote wawili mpaka jiko likazimika.

Watoto nilichelewa kuwaambia, na najuta. Mkubwa alijua kupitia simu yangu akakaa wiki mbili haniongeleshi, mpaka leo kuna siku anamwita "yule", na mwenzangu anaitika. Wewe waambie mapema, wenyewe, mezani, kabla mtu hajaanza kulala kwenye kochi lenu.

Imetuchukua zaidi ya miaka miwili. Matangazo ya ndoa kanisani ni Jumapili tatu, na sheria nayo inataka notisi ya siku 21, la kwanza limesomwa Jumapili iliyopita. Mama mkwe alikuwa benchi la pili na kitenge nilichomshonea, na mwinjilisti alipouliza kama kuna mwenye pingamizi akageuka nyuma akawaangalia watu wote mmoja mmoja.