Wasomaji Wauliza: Kifungo cha nje kwa mwizi wa mtaani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa mtaa mkoani Morogoro. Kijana mmoja wa hapa amekiri mahakamani kuiba spea za pikipiki dukani, na kabla ya hukumu afisa wa huduma za uangalizi amekuja kuniuliza habari zake, kwa kuwa mahakama inafikiria kumpa kifungo cha nje. Mama yake ananisihi nimtetee. Mwenye duka anasema nikifanya hivyo nitakuwa namlinda mwizi. Je, adhabu hii inapunguza uhalifu kweli, au ni huruma tu?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, hukuombwa kumtetea kijana huyo wala kumhukumu. Taarifa ya uchunguzi wa kijamii anayoiandaa afisa humwezesha hakimu kuyajua yasiyomo kwenye jalada la polisi: kijana analala kwa nani, anajishughulisha na nini, amewahi kutiwa hatiani au la, na kama aliowakosea wanamwogopa. Jibu unayoyajua tu. Ukimpamba kwa sababu mama yake amelia sebuleni kwako, kisha akaiba tena, neno lako litapungua uzito mahakamani, na atakayeumia ni kijana mwingine aliyestahili.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kutoa kifungo cha nje pale ambapo kosa lina kifungo kisichozidi miaka 3, au pale ambapo, hata kama kosa ni zito zaidi ya hapo, mahakama inaona kwamba kifungo kisichozidi miaka 3 kingetosha. Mkosaji hufanya kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Kenya ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998, na Zimbabwe ilikwisha kuanza mapema katika miaka ya 1990, kwa sababu magereza yalikuwa yamejaa watu wa vifungo vifupi.

Na kifungo kifupi, kwa maoni yangu, ndicho kibaya kuliko vyote. Miezi 6 inatosha kumpotezea mtu kibarua, chumba alichopanga na pengine ndoa, lakini haitoshi kumfundisha useremala hadi aweze kujitegemea. Anachokipata upesi ni marafiki wapya waliomzidi ujuzi wa wizi. Uchunguzi uliotolewa na Wizara ya Sheria ya Uingereza mwaka 2019, uliolinganisha wakosaji wenye historia zinazofanana, ulionesha kwamba waliofungwa chini ya miezi 12 walirudia makosa zaidi kuliko waliotumikia adhabu wakiwa uraiani. Tofauti haikuwa kubwa, na sidhani kwamba kufyeka majani ya zahanati humbadilisha mtu tabia. Ila hakumwongezei madhara ambayo gereza lingemwongezea.

Kinachoiua adhabu hii ni usimamizi wa uongo: daftari la mahudhurio linalosainiwa Ijumaa kwa siku zote za wiki, wakati mhusika alionekana Jumatatu peke yake. Kwa hiyo msaada mkubwa unaoweza kumpa afisa ni kumwonesha shule au zahanati yenye msimamizi asiyeona haya kuandika "hakufika". Anayekiuka masharti hurudishwa mahakamani, na anaweza kufungwa.

Mwenye duka naye asipuuzwe. Mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia, na kijana anayepata vibarua baada ya saa za adhabu ana uwezo wa kulipa kidogo kidogo, jambo ambalo mfungwa hana. Mwambie aeleze hasara yake kwa afisa, pamoja na risiti za mali iliyoibwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari, Tanga. Tunafikiria kuwapeleka wanafunzi watukutu gerezani, wafungwa wawaeleze maisha ya mle ili waogope. Mnashauri nini?

JIBU: Msiwapeleke. Mpango wa aina hiyo ulipata umaarufu nchini Marekani katika miaka ya 1970, kwenye gereza la Rahway, jimbo la New Jersey, na majaribio kadhaa yakafuata kwingineko nchini humo. Watafiti walipoyaweka pamoja matokeo yake, walikuta kwamba vijana waliopelekwa kutishwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa bila kupelekwa. Nauli ya basi itumieni kuwafuata wazazi wa watoro majumbani.