Pasaka haiishi Jumatatu

Dada uliyeuliza kwa nini paroko wenu bado anavaa nyeupe wiki tatu baada ya Pasaka: yuko sahihi. Nyeupe ni rangi ya kipindi cha Pasaka, nacho ni siku 50, mpaka Pentekoste, sikukuu ya Roho Mtakatifu. Kwaresima, mfungo wa kabla ya Pasaka, ni 40 tu! Aleluya imerudi, mshumaa wa Pasaka unawaka, na badala ya Malaika wa Bwana tunasali Malkia wa Mbingu. Sisi wa Mwanza tunafunga kwa bidii, halafu tukishamaliza sato wa sikukuu tunasahau (kwaya nazo zinapungua ghafla). Ila kama huzuni yako haikuisha Jumapili ile, wiki hizi ni zako hasa. Mtume Tomaso, aliyetilia shaka ufufuko wa Yesu, naye aliamini baada ya siku nane, na Injili inayosimulia hayo husomwa kila mwaka Jumapili ya pili ya Pasaka.