Maswali na majibu: maji ya sigara ya elektroniki, ini na damu

Kijana wa Kampemba: Wenzangu wanasema unaotoka kwenye sigara ya elektroniki ni mvuke tu. Unafikaje kwenye ini?

Unapitia mapafuni. Nikotini iliyomo huingia kwenye damu kwa sekunde chache, na ini ndilo linaloivunja na kuigeuza kotinini, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa, ndiyo maana maabara huipima ili kujua nani anavuta. Kazi hiyo peke yake haiui ini. Wasiwasi wangu unatokana na panya wa maabara ambao, walipolishwa mafuta mengi na kuvutishwa mvuke wenye nikotini, ini lao lilijaa mafuta. Panya si mtu, lakini anayekula vya kukaanga kila jioni asilipuuze jambo hilo.

Baba wa Katuba: Nina homa ya ini aina ya B. Niache sigara ya elektroniki?

Ndiyo, baba, acha. Hata hivyo, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na karanga zenye ukungu zinalidhuru ini lako kuliko kifaa hicho, kwa hiyo usiache kimoja ukaendelea na vingine.

Dada wa Kamalondo: Tangu niache sigara za kawaida na kuhamia ya elektroniki, je, damu yangu imesafika?

Kwa upande mmoja, ndiyo. Moshi wa tumbaku inayoungua una gesi ya kaboni monoksidi, inayoshika himoglobini na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Mvuke hauna gesi hiyo ila kidogo sana, na faida hiyo siwezi kuikana. Nikotini, lakini, haijaondoka: inaufanya moyo kwenda mbio, inabana mishipa, inapandisha presha na kuzifanya chembe zinazogandisha damu zishikane kwa urahisi zaidi. Kama una presha, au umewahi kupata kiharusi, hujatoka hatarini.

Mama wa Ruashi: Mtoto amekuta chupa ya maji ya sigara ya elektroniki yenye harufu ya embe, akaonja.

Mama, usisubiri dalili: mpeleke hospitali mara moja, na chupa uibebe. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ina miligramu 200, na kiasi kidogo tu cha hizo kinaweza kumtapisha mtoto, kumtoa jasho na mate mengi, kisha kumletea degedege na kumzuia kupumua. Usimtapishe, wala usimnyweshe mawese au maziwa kama majirani watakavyokushauri. Yaliyomwagika kwenye ngozi yaoshwe kwa maji mengi na sabuni, na nguo zilizolowa zivuliwe, kwa sababu nikotini hupenya hata kwenye ngozi.