Neno dogo la Azimio 242

Swali: Mhariri, kwa nini wanadiplomasia bado wanabishania Azimio 242 la Umoja wa Mataifa? – Msomaji, Jinja

Jibu: Ndugu, ugomvi uko kwenye kineno. Baraza la Usalama lililipitisha tarehe 22 Novemba 1967. Nakala ya Kiingereza inaitaka Israeli iondoe majeshi katika maeneo iliyoyateka kwenye vita vya Juni 1967, bila kutaja yapi: imeandikwa “territories” tu, pasipo kineno “the”. Ya Kifaransa, “des territoires”, huweza kusomeka kama maeneo yale yote. Mfasiri wa Kiswahili akiongeza “yote” au “baadhi”, keshachagua upande, na balozi wake ndiye atakayebanwa. Kwenye muhtasari wa wizara andika namba, tarehe na lugha ya nakala.