Sanamu za wanamuziki kwenye makaburi ya China

Mkuu umeuliza kama zile sanamu za wapiga ngoma na wachekeshaji kwenye makaburi ya kale ya China ni mapambo tu. Hapana aisee, zilikuwa na kazi. Watu waliamini marehemu anaendelea kuishi huko chini, kwahiyo anahitaji chakula, watumishi na burudani pia. Zamani zaidi walizikwa watu halisi pamoja na marehemu, kaburi la mtawala Yi wa Zeng, dola ndogo ya kale ya China (karibu 433 KK) lilikutwa na miili ya wanawake 21 pamoja na kengele 65 za shaba, inauma sana ukifikiria. Baadae taratibu sanamu zikachukua nafasi yao.

Ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya msimuliaji hadithi mwenye ngoma, ya jimbo la Sichuan, enzi ya Han Mashariki (mwaka 25 hadi 220 BK), ilichimbwa mji wa Chengdu mwaka 1957, jamaa yuko tumbo wazi, ngoma kaibana kwapani, mguu mmoja kaurusha juu, na anacheka mpaka macho yamefumba na paji la uso limejaa mikunjo, yani naamini kabisa yule fundi aliwahi kukaa akamsikiliza msimuliaji wa kweli, huwezi kutoa kicheko kile kichwani tu.

Halafu cheki na ile sanamu ya ngamia wa enzi ya Tang (618 hadi 907) kutoka Xi'an, kaburi la mwaka 723, kabeba wanamuziki mgongoni na wengine wana ndevu na sura za Asia ya Kati, maana muziki wa huko ulipendwa mno mjini Chang'an (ndio Xi'an ya leo) wakati ule.