Kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye katoka wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nabishana na mshikaji wangu, nikamwambia ulimwengu lazima una muumba maana kila kitu kina chanzo. Akaniuliza, haya, na Mungu kaumbwa na nani? Nikakwama. Nijibuje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umekwama kwa sababu hoja umeibeba nusu, na wengi wanaibeba hivyo hivyo. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, hakusema kila kitu kina chanzo, alisema kila kinachoANZA kuwepo kina chanzo, na hilo neno "kinachoanza" ndo lenye mzigo wote. Ulimwengu ulianza, basi una chanzo. Mungu hakuanza, kwahiyo swali la mshikaji halimfiki.

Sasa kazi iko kwenye kuonyesha kwamba ulimwengu kweli ulianza. Watu wanakimbilia Big Bang, yaani wazo kwamba miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu ulikuwa umebanana na wenye joto kali, ukaanza kutanuka, ila hapo nenda taratibu, kuhusu kabla ya ule mbanano na joto kali wanafizikia bado wanavutana. Hata Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyelitoa wazo lenyewe, hakufurahi Papa Pius XII alipolihusisha na uumbaji mwaka 1951.

Mi nakushauri ushike hoja ya Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, haihitaji ulimwengu uwe na mwanzo kabisa. Angalia hivi: ndoo yako inajaa maji kwa mpira uliovuta kwa jirani, jirani naye kavuta kwa jirani yake, na yule kwa mwingine, na kadhalika. Kama mtaa mzima ni mipira tu, hakuna mwenye kisima, hata mipira iwe haina mwisho hutapata tone. Lakini maji si haya yanatoka? Basi pana kisima mahali, chenye maji yake chenyewe. Ndo vivyo hivyo na kuwepo: mimi, wewe, jua, vyote vingeweza visiwepo, kuwepo kwetu tumevutiwa kutoka kwingine, na Mungu katika hoja hii ndo yule ambaye kuwepo ni kwake mwenyewe, hajavutiwa na mtu.

Mshikaji akiwa mjanja atajibu kama mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alivyomjibu padri Copleston kwenye redio ya BBC 1948, kwamba ulimwengu upo tu, basi. Ni jibu zito, usilidharau. Muulize kwa upole, kwanini ndoo moja idaiwe maelezo ya maji yake halafu mtaa mzima usidaiwe? Akikupa jibu niandikie, nalitaka sana.